Lesi ya neti ya vitunguu: tunaondoa taka au tunaipamba?

MSHONAJI: Neti ya vitunguu ikishamwagwa vitunguu haina mwenyewe. Pale Voi inatupwa kando ya soko, upepo unaibeba mpaka inanasa kwenye miiba, mbuzi anaitafuna. Mimi naiokota, naifua, naikata, naitandaza juu ya gazeti kuukuu. Juu yake napanga vipande vya vitenge na shifoni vilivyobaki kwa mafundi wenzangu, kisha napitisha sindano mpaka inakuwa lesi. Ya kufunika meza, ya kutundika ukutani, ya kuzungushia shingo. Kitu kilichokuwa kinamkaba mbuzi sasa kiko sebuleni kwa mtu. Sijui hapo kuna la kupinga.

MSUSI: Lipo. Neti uliyoipeleka sebuleni ni neti ile ile. Mwanangu, umewahi kuliacha gunia la sukari juani? Miezi haiwi mingi, ukilishika linakatika vipande vipande, vumbi lake linabaki kiganjani. Plastiki hiyo haikuoza. Imekuwa ndogo tu, ikaingia kwenye udongo ambako huwezi tena kuiokota. Neti nayo mwisho wake ni huo huo. Wewe umeichelewesha, hukuiondoa.

MSHONAJI: Kuchelewesha si kitu kidogo, Mama. Lesi iliyotundikwa ndani, mbali na jua, inakaa miaka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hapa Kenya, 28 Agosti 2017, tuliambiwa faini ni shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au jela. Mifuko ikapungua kweli kweli. Magunia na neti zikabaki, kwa sababu mkulima wa vitunguu hana kingine cha kuvitia. Haya, tangu hapo nani amepita kwetu akizikusanya?

MUUZAJI: Hakuna aliyepita. Na mimi nasema kitu kinachookotwa bure na kuuzwa kwa pesa hakihitaji mahubiri. Geti la Tsavo Mashariki na mji wa Voi ni pua na mdomo. Wageni wanapita, wengine wanashuka kwenye treni pale stesheni ya SGR na begi tupu la zawadi. Wanataka kitu chepesi, kisichovunjika, cha hapa hapa.

MSUSI: Wewe kijana tutakufikia. Kwanza nimalizane na fundi. Tuache neti, tuje kwenye uzi. Huo unaoshonea umeuokota wapi?

MSHONAJI: Uzi nanunua.

MSUSI: Wa pamba?

MSHONAJI: Poliesta. Wa pamba ni ghali, na nikikanyaga kwa kasi unakatika.

MSUSI: Basi umeokota plastiki ya zamani ukaifunga kwa plastiki mpya iliyokuja na meli. Na kazi hii inakula uzi kuliko gauni. Nimekutazama ukishona, koni inazunguka haisimami.

MWALIMU WA USHONAJI: Hapo Mama ana hoja, na inapimika. Mshono wa cherehani hutumia uzi wa juu na uzi wa chini, jumla yake takriban mara mbili na nusu ya urefu wa mstari ulioshonwa. Chukua lesi ya sentimita 30 kwa 30, mistari ipishane kila nusu sentimita, wima na mlazo. Hiyo ni mistari 122, karibu mita 37 za mshono, na uzi wake umepita mita 90. Ukishona mara moja tu, lesi ikibanduliwa kwenye karatasi inalegea na kupoteza umbo, kwa hiyo unarudia. Zimekuwa mita 180, kwa kitambaa kisichotosha hata kufunika kigoda.

MSHONAJI: Mwalimu, hesabu hiyo ni ya lesi inayojengwa hewani, isiyo na kitu chini yake. Yangu ina neti. Ile mistari 122 unayotaka niishone, neti inayo tayari. Imefumwa kiwandani, imelipiwa na mwenye vitunguu, mashimo yake yamekaa sawa. Mimi nashona maua, majani na ukingo basi. Mnadhani neti niliichagua kwa kuwa inapendeza? Niliichagua kwa sababu inanipunguzia uzi.

(Mimi mwandishi niingilie mara moja. Hesabu ya Mwalimu nimeirudia kwa kalamu, ni sawa. Lakini jibu la Mshonaji ndilo linalonipa raha, kwa sababu mazungumzo ya mazingira huwa hayateremki mpaka kwenye mita za uzi. Yanaishia kwenye hotuba na fulana.)

MSUSI: Ndipo ninapokushikia. Ukiacha neti ndani, umeacha plastiki ndani. Ukiitoa neti, lazima uijaze nafasi yake kwa uzi, na uzi wenyewe ni plastiki. Njia ya tatu iko wapi?

MWALIMU WA USHONAJI: Wenzetu wa mbali walishaitafuta. Miaka ya 1880, kule St. Gallen, Uswisi, walidarizi kwa uzi wa pamba juu ya kitambaa cha hariri, kisha wakakitia kwenye dawa kali ya magadi. Hariri ikaliwa yote, pamba ikabaki imesimama peke yake. Aina hiyo ya lesi ya mashine ilizaliwa hivyo. Siku hizi kuna karatasi laini inayofanana na nailoni, inayeyuka kwenye maji. Unashona juu yake, unatumbukiza, inapotea, mchoro unabaki mkononi.

MSUSI: Inauzwa Voi hiyo?

MWALIMU WA USHONAJI: Huagizwa.

MSUSI: Na maji ya kuyeyushia? Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka humu humu Tsavo, yanaingia bombani, yanakwenda Mombasa. Sisi tunabeba mitungi. Leo nimwage mtungi mzima kwa ajili ya kuyeyusha karatasi? Hiyo iacheni huko huko Uswisi kwenye theluji.

MUUZAJI: Kuna wanaotumia moto. Unashona kwa uzi wa pamba juu ya shifoni ya poliesta, halafu unapitisha pasi ya makaa. Poliesta inayeyuka na kujikunja, pamba haiyeyuki. Inatoka na matundu matundu, nzuri ajabu.

MSHONAJI: Na moshi wake unaingia kwenye kifua cha nani? Mimi nashonea ndani, na mtoto analala chumba hicho hicho. Hapana. Hata pasi yenyewe siisogezi karibu na neti, ikiguswa na pasi ya moto inajikunyata pale pale. Kwangu ni gazeti. Nalishona pamoja na neti, sindano inalitoboa toboa, halafu nalichana polepole kufuata matundu. Vipande vinavyokwama kwenye kona navitoa kwa sindano ya mkono. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini haina maji wala moshi, na gazeti lilikuwa la kufungia mandazi.

MSUSI: Hilo la gazeti nakupa. Umelipata vizuri.

MUUZAJI: Sasa nimefikiwa au bado? Maana ninyi mnabishana juu ya uzi na mteja haulizi uzi. Mteja ananunua habari. Tazameni asali. Tangu 2009 shirika la Save the Elephants limeweka mizinga kuzunguka mashamba ya hapa kwetu Sagalla, imening'inia kwenye waya mmoja, tembo akigusa waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Asali ya mizinga hiyo inauzwa kama asali ya mkulima anayeishi na tembo. Ingekuwa kwenye chupa isiyo na tembo, ingekuwa asali tu kama nyingine. Lesi hii nayo tuiwekee habari yake: taka imekuwa sanaa, mama wa Sagalla, tembo wa Tsavo. Inauzika.

MWALIMU WA USHONAJI: Usifananishe hayo, ndugu yangu. Mizinga ilianza kwa kufanya kazi. Utafiti wa miaka tisa katika vijiji vya Mwakoma na Mwambiti, uliochapishwa 2024, ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao hadi asilimia 86 ya tembo waliofika kwenye mashamba hayo walizuiwa kuingia. Habari ya chupani ilikuja nyuma ya kitu kilichokwisha kujaribiwa na mahindi ya watu. Na hata hivyo, ukame wa 2017 ulipopiga, nyuki walihama na mizinga mingi ikabaki mitupu. Nembo haikuwarudisha.

MSUSI: Sasa wewe unataka kuanza na chupa kabla ya nyuki.

MUUZAJI: Mama, vikapu vyenu mbona vina habari? Akina mama wa Kasigau wanauza hadi ng'ambo kupitia Hadithi Crafts, na kila kikapu kina maelezo yake. Huku Sagalla nako kuna kituo cha akina mama, wanasuka na kushona. Hakuna anayesema wanadanganya.

MSUSI: Kwa sababu kikapu hakihitaji kudanganya. Mkonge unakatwa shambani, unakwanguliwa, unaoshwa, unaanikwa, unasokotwa pajani. Kikichakaa nakitupa kwenye zizi na mvua mbili zikipita sikioni tena. Mtu akinisomea maelezo yaliyoandikwa juu yake, nasikia kazi ninayoijua. Habari ya lesi ya plastiki inabidi iruke mambo. Inaruka uzi. Inaruka jua. Inaruka itakwenda wapi mgeni akishachoka nayo.

MSHONAJI: Mimi mizani hii imenichosha. Kikapu lazima kiokoe msitu. Asali lazima iokoe tembo. Sasa na lesi yangu lazima iokoe jalala. Kijana anayechora matatu pale stejini Voi, nani amemuuliza ameokoa nini? Wanamtazama mkono, wanasema huyu anajua. Mwanamke wa Sagalla akitengeneza kitu, hakitoshi kuwa kizuri mpaka kiwe kimeponya dunia, na asipoiponya yote anaambiwa mwongo.

MUUZAJI: Dada, ni wanunuzi wanaotaka hivyo.

MSHONAJI: Nimalize. Kila Januari nashona sare za shule, Desemba nashona magauni ya harusi, hiyo ni ya tumbo. Lesi ni kitu kingine. Natoa mguu wa cherehani, nalegeza parafujo ya chini nashusha meno, basi mashine haivuti tena kitambaa. Sindano inapanda na kushuka pale pale, na kitambaa kinakwenda ninakokipeleka mimi. Fremu iko mikononi, miguu iko kwenye kanyagio, na hivyo viwili lazima vielewane. Mkono ukikimbia kuliko mguu, mishono inakuwa mirefu na sindano inapinda. Mkono ukizubaa, uzi unajirundika chini unakuwa fundo. Vikielewana, naweza kushona sega la nyuki, pembe sita, pembe sita, bila kuchora kitu kwenye karatasi. Mtu asiyewahi kukanyaga cherehani hawezi kujua hiyo raha. Nashona lesi kwa sababu hiyo. Neti niliipata kwa sababu ilikuwa bure.

MSUSI: Basi sema hivyo!

MSHONAJI: Nimesema.

MSUSI: Sema hivyo kwa mnunuzi. Mimi sina ugomvi na urembo, mwanangu. Vikapu vyangu vina mistari myekundu na ya bluu, na mistari hiyo haibebi mahindi. Ningeweza kusuka bila rangi na kikapu kikabeba vile vile. Ugomvi wangu ni huyu kijana na kibandiko chake.

MUUZAJI: Mkisema ni urembo tu, mmekwisha. Ingieni duka lolote la vitambaa Voi, lesi ya kiwandani inakatwa kwa mita, nyeupe, imenyooka, bei yake dada hawezi kuishusha hata akishona usiku na mchana. Nyumba ngapi hapa zina vitambaa vya kochi vya kufuma kwa mkono? Zamani kila sebule. Sasa vinanunuliwa vya kiwandani, seti nzima, na mwenye nyumba hana aibu. Kwa urembo pekee atashindwa. Hicho ninachokiita habari ndicho kinachomtenga na kiwanda.

MWALIMU WA USHONAJI: Hapo sitambishia. Lesi ya kiwandani haina mshindani kwa bei. Vorarlberg, Austria, wamekuwa wakiiuzia Nigeria lesi tangu miaka ya 1960, na kule haiendi arusi mtu bila lesi. Hizo ni mashine zenye sindano mamia. Fundi mwenye cherehani moja ya mguu asiingie kwenye shindano hilo. Atafute kitu ambacho mashine ya sindano mamia haiwezi kukifanya.

MSUSI: Kipo, na mnakizunguka. Mkonge. Shamba la mkonge la Mwatate ni miongoni mwa makubwa duniani, na Voi pia upo. Nyuzi fupi zinazobaki, ambazo hata kamba hazitengenezi, kwa nini zisiingie kwenye lesi? Hiyo ingekuwa taka ya kwetu, inayooza.

MSHONAJI: Mkonge unavunja sindano.

MWALIMU WA USHONAJI: Ukiutoboa, ndiyo. Lakini usiutoboe. Ulaze juu ya gazeti kufuata mchoro, sindano ipite kulia na kushoto kwake, uzi uukumbatie. Mkonge unakuwa mfupa wa lesi, uzi unakuwa kano. Uzi unaotumika ni mchache, na neti huihitaji.

MSHONAJI: Unasokotwa na nani, mwembamba kiasi hicho? Mama, jioni nzima ya kusokota pajani inatoa kamba ya kutosha ua moja. Utaniuzia kwa bei gani?

MSUSI: Kwa bei ya jioni nzima.

MSHONAJI: Na nani atanunua ua hilo?

MSUSI: Ndiyo maana nilisema tutamfikia huyu kijana.

MUUZAJI: Msiniangalie mimi. Lesi ya mkonge itauzika mara mbili ya bei ya neti labda, si mara kumi.

MSHONAJI: Mnaona. Kila mnachonipa kinachooza kina gharama ambayo hamko tayari kuilipa. Neti ninaipata leo, sasa hivi, bila kumwomba mtu. Nikiambiwa niache neti mpaka mkonge upatikane, nimeambiwa niache kushona. Ila kwenye uzi nina jibu, na Mwalimu anaijua njia hii. Sweta za mitumba zilizotoboka nazifumua. Uzi wake ni mnene, hauingii tundu la sindano, kwa hiyo nauzungushia kwenye bobini kwa mkono. Kijumba cha bobini kina parafujo ndogo pembeni, nailegeza mpaka uzi mnene upite bila kukwama. Halafu nashona kichwa chini miguu juu: upande wa uzuri unakaa chini, ninaoutazama mimi ni wa nyuma. Unashona usichokiona. Ukigeuza ndipo unajua kama umepatia. Kwa hiyo uzi wa chini wote ni wa sweta. Wa juu tu ndio mpya.

MWALIMU WA USHONAJI: Ni kweli. Mshono ukiwa sawa, uzi wa juu na wa chini hukaribiana urefu. Amepunguza uzi mpya kwa nusu.

MSUSI: Na sweta hizo si akriliki? Tumerudi kwenye plastiki.

MSHONAJI: Nyingi ni akriliki, sikatai.

MSUSI: Tena ni mitumba. 2020 serikali iliifunga Machi, ikaifungua Agosti. Biashara inayotegemea makombo ya ng'ambo inasimama siku ng'ambo wakikataa kula.

MSHONAJI: Sweta zilizomo ndani ya nyumba za Voi leo, ambazo hazivaliki na hazitupwi, nikizifumua zote nitazeeka kabla hazijaisha. Mtaa huu peke yake kila sanduku lina tatu nne.

MUUZAJI: Sawa. Uzi wa sweta, neti ya vitunguu, gazeti. Mmenipa yote ninayoyataka. Naandika kwenye kadi: imetengenezwa kwa taka za Sagalla, kwa mikono ya akina mama, ikilinda makazi ya tembo.

MSUSI: Tembo ameingiaje hapo?

MUUZAJI: Tembo anaingia kila mahali, Mama. Tuko Tsavo.

MSUSI: Tembo anaingia shambani kwangu, hilo ninalijua. Lesi hii haijamzuia hata siku moja.

MSHONAJI: Toa tembo. Andika hivi: neti ya vitunguu, vipande vya nguo, uzi wa chini wa sweta kuukuu, uzi wa juu mpya wa poliesta. Imeshonwa kwa cherehani ya mguu.

MUUZAJI: Hiyo si kadi ya bidhaa, dada, hilo ni ungamo.

MSUSI: Aongeze: isianikwe juani.

MSHONAJI: Naongeza.

MUUZAJI: Mkiandika hivyo haipandi kwenye meza yangu. Nalipia nafasi ile, sikai pale kuwatisha wateja.

MSHONAJI: Mama, kwenye mkeka wako wa vikapu hapana nafasi ya vitambaa vichache?

MSUSI: Ipo. Ushuru tutagawana. Na mteja akiniuliza neti hiyo ninaionaje, nitamwambia kama nilivyokwambia wewe.

MSHONAJI: Mwambie. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako.